Fahamu mbwa chotara wa kisasa: Jina si kipimo cha afya wala kinga ya mzio

Katika miji mingi ya Uingereza, Marekani na Australia, mbwa mwenye manyoya ya mawimbi, uso wa duara na macho kama ya mdoli amekuwa wa kawaida katika nyumba za familia zenye watoto. Jina lake huundwa kwa kuunganisha majina ya wazazi wake. Labradoodle ni mtoto wa Labrador na Poodle. Goldendoodle ni wa Golden Retriever na Poodle. Cockapoo ni wa Cocker Spaniel na Poodle. Na Cavapoo ni wa Cavalier King Charles Spaniel na Poodle. Bei yake mara nyingi hulingana na ya mbwa wa nasaba safi, na wakati mwingine huizidi.

Anayemnunua huahidiwa mambo matatu. La kwanza ni kwamba mbwa huyo hapukutishi manyoya, na kwa hiyo hawezi kumdhuru mtu mwenye mzio au pumu. La pili ni kwamba ana afya bora kuliko wazazi wake kwa sababu damu mbili zimechanganyika. La tatu ni kwamba ni mpole, mwerevu na amezaliwa kwa ajili ya watoto. Ahadi hizo ni nzito. Familia yenye mtoto mgonjwa wa pumu ikiiamini ile ya kwanza bila uthibitisho, inaweza kulazimika kumwondoa mbwa baada ya miezi michache, wakati mtoto amekwisha kumzoea na kumpa jina. Mbwa mwenyewe huishia katika kituo cha hifadhi akitafutiwa mlezi mwingine.

Utafiti uliofanywa katika miaka ya karibuni unawezesha kila moja ya ahadi hizo kupimwa. Aidha, nchi kadhaa zimebadilisha sheria zake za uuzaji wa mbwa, kwa sehemu kutokana na biashara iliyokua kwa kasi nyuma ya mahitaji ya wanyama wa namna hii.

Maana ya chotara

Neno chotara si geni kwa mfugaji wa Afrika Mashariki. Ng'ombe chotara, anayepatikana kwa kumpandisha jike wa asili kwa dume la Friesian au Ayrshire, ama kwa njia ya uhimilishaji, hutoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wa asili na huhimili mazingira kuliko ng'ombe wa kigeni. Mfugaji anayemjua ng'ombe huyo anajua pia kwamba matokeo hutegemea ubora wa dume na jike waliotumika, na kwamba chotara wakipandishwa wao kwa wao, ndama wao hutofautiana sana hata wakiwa wa mama mmoja. Kanuni hiyohiyo ya urithi ndiyo inayofanya kazi kwa mbwa.

Chotara anayezungumziwa hapa si sawa na mbwa koko, ambaye wazazi wake hukutana bila mpango na mara nyingi hawajulikani. Huyu huzalishwa kwa makusudi kutokana na wazazi wa nasaba mbili zinazojulikana. Vyama vya mbwa wa nasaba, kama Kennel Club kilichoanzishwa London mwaka 1873 na American Kennel Club cha mwaka 1884, hutunza vitabu vya ukoo vya mbwa wa nasaba safi na havimtambui chotara huyu kuwa nasaba inayojitegemea.

Hata hivyo, hoja kwamba kuchanganya mbwa ni kosa kwa asili yake haina mashiko. Mbwa wengi wanaoitwa leo wa nasaba safi walitokana na kuchanganywa kwa mbwa tofauti katika karne ya 19. Dobermann wa Ujerumani ni mfano mmojawapo. Isitoshe, kufunga vitabu vya ukoo na kuzalisha ndani ya kundi lilelile kwa vizazi vingi kumeziachia baadhi ya nasaba magonjwa mazito ya kurithi. Anayetetea uchotara ana hoja ya haki hapo. Tatizo linaanzia mahali pengine.

Ombi lililotoka Hawaii

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron alisimamia uzalishaji wa mbwa katika chama kinachoandaa mbwa wa kuwaongoza watu wasioona katika jimbo la Victoria, Australia. Alipokea ombi la mwanamke asiyeona aliyeishi Hawaii. Mwanamke huyo alihitaji mbwa wa kumwongoza, lakini mumewe alikuwa na mzio wa mbwa.

Conron alianza na Poodle mkubwa, kwa kuwa manyoya yake hayapukutiki kwa wingi. Kwa muda wa miaka mitatu alijaribu Poodle 33, na hakuna hata mmoja aliyefaa kwa kazi hiyo. Ndipo alipoamua kumchanganya Poodle na mmoja wa Labrador bora wa kituo chake. Walizaliwa watoto watatu. Sampuli za manyoya na mate ya kila mmoja zilipelekwa Hawaii ili mume wa mwanamke yule apimwe nazo, na ni mmoja tu kati ya watatu hao ambaye hakumletea mzio. Mbwa huyo, aliyeitwa Sultan, alifundishwa kazi na kupelekwa kwa mwenyewe.

Wale wawili waliobaki walihitaji familia za kuwalea kabla ya kuanza mafunzo. Kituo kilikuwa na orodha ndefu ya familia zilizojitolea, lakini zote zilitaka mbwa wa nasaba safi na hakuna iliyokuwa tayari kumpokea mbwa wa mchanganyiko. Conron akakitumia kitengo cha uhusiano cha chama chake kutangaza kwamba kumepatikana mbwa wa aina mpya anayeitwa Labradoodle. Simu zikaanza kupigwa mfululizo. Mbwa walikuwa walewale ambao hakuna aliyewataka wiki chache kabla. Kilichobadilika ni jina.

Conron aliendelea na kazi hiyo kwa muda na kuzalisha Labradoodle 31, ambao 29 kati yao walifuzu kuwa waongozaji, kiwango cha kuridhisha sana. Baadaye, hata hivyo, alijitokeza mara kadhaa kueleza majuto yake. Mwaka 2019, katika mahojiano na shirika la utangazaji la Australia, ABC, alisema kwamba kuzalisha mbwa huyo ndilo jambo analolijutia maishani, kwa sababu alikuwa amewafungulia mlango watu waliopandisha mbwa wowote bila kuwapima wala kujali magonjwa yao.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi na wauzaji kama ushahidi kwamba Labradoodle hasababishi mzio. Ukisomwa vizuri, unaonesha kinyume. Katika uzao wa kwanza kabisa, wa mama mmoja na baba mmoja, watoto wawili kati ya watatu hawakufaa. Aliyefaa alijulikana kwa kupimwa, si kwa kuitwa jina fulani. Biashara iliyofuata ililichukua jina na kukiacha kipimo.

Jinsi umaarufu ulivyoenea

Labradoodle hakuwa wa kwanza. Cockapoo alikuwa akifugwa Marekani miongo kadhaa kabla yake, bila kelele nyingi. Baada ya Australia kuonesha kwamba jina jipya linauzika, Goldendoodle alifuata katika miaka ya 1990, kisha Cavapoo na wengine wengi, karibu wote wakiwa na damu ya Poodle.

Mwanzoni mwa mwaka 2009, Barack Obama, akijiandaa kuingia Ikulu ya Marekani, alisema hadharani kwamba familia yake ilikuwa ikichagua kati ya Labradoodle na mbwa wa maji wa Ureno, kwa kuwa binti yake mkubwa alikuwa na mzio. Familia hiyo hatimaye ilimchukua mbwa wa maji wa Ureno aliyeitwa Bo, lakini kutajwa kwa jina la Labradoodle na mtu wa cheo hicho kulitosha kulifikisha kwa watu ambao hawakuwa wamelisikia. Baadaye zikaja picha za mitandao ya kijamii, na mwaka 2020 kukaja zuio la kutoka nyumbani wakati wa janga la UVIKO-19, lililowafanya watu wengi wa Ulaya na Marekani kutafuta mbwa kwa wakati mmoja.

Mzio hautokani na manyoya

Watu wengi huamini kwamba manyoya ndiyo yanayoleta chafya, macho kuwasha na kubanwa kifua. Sivyo. Vichochezi vya mzio wa mbwa ni protini zinazotengenezwa katika mwili wake na kutoka kwenye mate, mba za ngozi na mkojo. Iliyochunguzwa zaidi inajulikana kwa jina la Can f 1. Mbwa akijilamba, mate hukauka juu ya manyoya. Mba zake hupeperuka na kutua kwenye mazulia, makochi na matandiko. Unyoya unaodondoka hubeba protini hizo, lakini si chanzo chake. Mbwa asiyepukutisha manyoya bado ana ngozi na bado ana mate.

Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kulinganisha mbwa wanaosifiwa kuwa salama kwa wenye mzio, wakiwemo Labradoodle na Poodle, na mbwa wasio na sifa hiyo. Walipima kiasi cha Can f 1 kwenye manyoya ya mbwa na katika nyumba wanamoishi. Manyoya ya wale wanaosifiwa yalikutwa na kiasi kikubwa zaidi cha protini hiyo. Vumbi la sakafuni katika nyumba zenye Labradoodle lilikuwa na kiasi kidogo kwa kulinganisha, ila katika hewa inayovutwa hakukuwa na tofauti ya maana. Watafiti wa Marekani waliopima vumbi la nyumba za watu mwaka mmoja kabla nao hawakuona kwamba nyumba zenye mbwa wanaoitwa salama zina nafuu.

Utafiti huo wa Uholanzi ulionesha pia kwamba mbwa wa aina moja hutofautiana sana wao kwa wao. Ndiyo maana mtu mwenye mzio anaweza kuishi vizuri na mbwa mmoja na akashindwa kukaa saa moja na ndugu yake. Hali hii ndiyo inayozipa nguvu shuhuda za watu wanaosema kwamba chotara wao hajawaletea shida: huenda wanasema kweli kuhusu mbwa wao, bila kusema lolote kuhusu mbwa wa jirani mwenye jina hilohilo.

Familia yenye mgonjwa wa mzio au pumu haina njia ya mkato. Inapaswa kumwona daktari kwanza, kisha mgonjwa akae na mbwa yuleyule anayekusudiwa, zaidi ya mara moja na kwa muda wa kutosha, kabla ya fedha kutolewa. Mtoto mdogo wa mbwa hatoshi kuwa kipimo cha mwisho, kwa kuwa mwili na manyoya yake bado vinabadilika.

Manyoya yenyewe

Mwaka 2009 wanasayansi walibaini kwamba tofauti nyingi za manyoya ya mbwa wa nasaba zinatokana na jeni tatu tu: moja ya urefu, moja ya msokoto, na ya tatu, iitwayo RSPO2, inayoleta ndevu na nyusi ndefu na inayohusiana pia na upungufu wa kupukutika. Poodle kwa kawaida ana nakala mbili za jeni hiyo ya tatu na Labrador hana hata moja. Watoto wao wa kizazi cha kwanza hupata nakala moja kila mmoja, na hiyo inatosha kuwapa ndevu.

Chotara wawili wa kizazi cha kwanza wakipandishwa pamoja, hesabu hubadilika. Kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne hukosa nakala zote mbili, naye hukua na uso wa Labrador na kupukutisha manyoya kama Labrador. Ndugu zake wanaweza kuwa na mawimbi, misokoto ya karibu au manyoya yaliyonyooka. Ili kukwepa hilo, wazalishaji wengi humrudisha chotara kwa Poodle, na mbwa anayeuzwa kama Labradoodle huwa na robo tatu ya damu ya Poodle. Si kosa kufanya hivyo, lakini mnunuzi huwa hafahamishwi, na tabia ya mbwa huyo itaelemea upande wa Poodle.

Jambo lisilosemwa kabisa dukani ni kazi ya kuyatunza manyoya yasiyopukutika. Unyoya uliokufa usipodondoka hubaki ndani ya msokoto, hujifunga na mengine na kuwa mafundo magumu karibu na ngozi. Mafundo huvuta ngozi na kuumiza, huhifadhi unyevu na kuficha vidonda. Mbwa wa namna hii huhitaji kuchanwa mara kadhaa kwa wiki hadi kwenye ngozi, na kukatwa manyoya na fundi anayeijua kazi hiyo kila baada ya wiki kadhaa kwa maisha yake yote, ambayo yanaweza kuzidi miaka kumi. Familia iliyomchagua kwa sababu haitaki kufagia manyoya huwa imebadilishana ufagio kwa kitana na mkasi.

Afya ya chotara

Dai kwamba chotara ana afya bora lina msingi katika elimu ya urithi. Magonjwa mengi ya kurithi hujitokeza pale tu mtoto anapopokea jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wa nasaba tofauti wana uwezekano mdogo wa kubeba kasoro ileile, kwa hiyo mtoto hunusurika. Wafugaji wa ng'ombe na kuku wamelitumia jambo hilo kwa miaka mingi.

Kinachosahaulika ni sharti la kanuni hiyo: kasoro za wazazi ziwe tofauti. Labrador, Cocker Spaniel na Poodle wote wanajulikana kubeba kasoro moja ya jeni inayonyausha retina ya jicho polepole hadi mbwa anapofuka. Cocker Spaniel mbebaji akipandishwa na Poodle mbebaji, kila mtoto wao ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa kipofu, uchotara wake usimsaidie kitu. Kipimo cha vinasaba cha ugonjwa huo kipo na hufanywa kwa sampuli ya mate au damu. Vivyo hivyo kwa nyonga: Labrador na Poodle mkubwa wote huweza kurithisha ulemavu wa kiungo cha nyonga, unaotambuliwa kwa picha ya eksirei ya wazazi kabla ya kupandishwa. Cavalier King Charles Spaniel, mzazi wa Cavapoo, hujulikana kwa ugonjwa wa vali ya moyo, na mzazi asiyechunguzwa moyo hapunguziwi hatari kwa kupewa mwenza Poodle.

Mwaka 2024 Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Wanyama cha London kilichapisha utafiti mkubwa kuhusu suala hili, uliotumia taarifa za wamiliki wa mbwa 9,402. Cockapoo, Labradoodle na Cavapoo walilinganishwa na nasaba za wazazi wao kwa matatizo 57 ya kiafya. Katika ulinganisho wa mara 342, asilimia 86.6 haukuonesha tofauti yoyote ya maana kati ya chotara na mzazi. Chotara walikuwa na hatari kubwa zaidi katika asilimia 7.0 ya ulinganisho huo, na hatari ndogo zaidi katika asilimia 6.4. Kwa lugha nyepesi, wao si wagonjwa zaidi wala si wazima zaidi.

Matokeo hayo yanawahusu pia wanaowabeza chotara kuwa ni wanyama dhaifu. Takwimu haziwaungi mkono.

Tabia na ukubwa

Poodle anaonekana mbwa wa mapambo, lakini asili yake ni mbwa wa uwindaji aliyetumika kuchukua ndege wa majini waliopigwa. Labrador alitokana na mbwa wa wavuvi wa Newfoundland. Cocker Spaniel alizoezwa kufurusha ndege vichakani. Mtoto wa wazazi kama hao ni mnyama wa kazi, anayehitaji kutembezwa kila siku na kushughulishwa akili. Akifungiwa katika nyumba ndogo kutwa nzima hubweka, hutafuna viatu na kuruka juu ya watu. Ukubwa nao hautabiriki kwa urahisi, kwa sababu Poodle yuko wa aina tatu kwa kimo, kuanzia wa kilo chache hadi wa kilo zaidi ya 25. Na hakuna mbwa, awe wa nasaba gani, anayefaa kuachwa peke yake na mtoto mchanga.

Biashara na sheria

Mahitaji yanapopanda kuliko idadi ya wazalishaji makini, pengo huzibwa na mashamba ya kuzalishia mbwa. Majike hufungiwa katika vizimba na kupandishwa mfululizo, watoto hutenganishwa na mama mapema na kupelekwa kwa madalali, ambao huwauza kupitia matangazo ya mtandaoni katika nyumba ya kupanga iliyopambwa ionekane ya familia. Mnunuzi hukabidhiwa mtoto msafi mwenye utepe shingoni na hamwoni mama yake. Chotara ameifaa biashara hiyo kwa namna ya pekee: kwa kuwa hana kitabu cha ukoo, hakuna nyaraka ambazo mnunuzi amezoea kuzidai.

Uingereza ilichukua hatua kwa sheria inayojulikana kwa jina la Lucy, jike wa Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la namna hiyo huko Wales akiwa na ulemavu uliotokana na kuzalishwa kupita kiasi na kuishi kizimbani. Kuanzia tarehe 6 Aprili, 2020, ni marufuku nchini England kwa mfanyabiashara kuuza mbwa au paka wa chini ya miezi sita ambaye hakumzalisha yeye mwenyewe. Mnunuzi lazima amwone mtoto akiwa na mama yake mahali alipozaliwa. Kanuni za mwaka 2018 zilikuwa zimekwisha kumtaka mzalishaji wa biashara kuwa na leseni, kuandika namba yake katika tangazo na kutouza mtoto wa chini ya wiki nane.

Victoria, jimbo alikofanyia kazi Conron, lilipitisha sheria mwaka 2017 inayoweka ukomo wa idadi ya majike ambao mzalishaji anaweza kuwa nao. Jimbo la California nchini Marekani lilizuia maduka kuuza mbwa wasiotoka katika vituo vya hifadhi kuanzia Januari 2019. Ufaransa, kwa sheria ya Novemba 2021, imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Januari, 2024 maduka hayaruhusiwi kuuza mbwa na paka, na anayetaka mnyama kwa mara ya kwanza husaini hati ya kukiri kwamba anayafahamu mahitaji yake, kisha husubiri siku saba kabla ya kukabidhiwa.

Sheria hizo zote hazimkatazi mtu kumiliki Cockapoo au Labradoodle. Zinachofanya ni kumrudisha mnunuzi kwenye maswali ya msingi: mama yuko wapi, wazazi wamepimwa nini, na majibu ya vipimo yako wapi kwa maandishi.

Kwa msomaji wa Tanzania

Mtanzania anayeishi nje ya nchi na kutaka kurejea na mbwa wake, au aliye nchini na kushawishika kuagiza mmoja, anapaswa kuanza na taratibu. Uingizaji wa wanyama unasimamiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003, na huhitaji kibali cha mamlaka ya huduma za mifugo pamoja na cheti cha afya kutoka nchi mnyama anakotoka. Ni busara kibali kitafutwe kabla ya tiketi ya mnyama kukatwa. Matunzo ya mnyama akiwa nchini yanaongozwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, ambayo humbana mmiliki wa mbwa wa gharama kama inavyombana mwenye mbwa wa kienyeji.

Mazingira nayo yana neno. Joto na unyevunyevu wa pwani huyafanya manyoya mazito yaliyojisokota kuwa maficho mazuri ya kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa, aliyeenea katika nchi za joto, hueneza vimelea vya damu ambavyo mbwa aliyekulia nchi ya baridi hajawahi kukutana navyo. Mmiliki atalazimika kuyakata manyoya yawe mafupi na kumkagua mbwa wake kila siku, hasa masikioni, kwapani na katikati ya vidole.

Kuhusu kichaa cha mbwa, hakuna nasaba yenye kinga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Chanjo kwa kawaida hutolewa mbwa anapofikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na mmiliki hutakiwa kutunza cheti chake. Mtu akiumwa na mbwa, hata awe mbwa wa nyumbani anayejulikana, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya bila kusubiri dalili.